Beaverbrook: Bwanyenye aliyegeuza gazeti kuwa silaha ya siasa

MAX Aitken, mwana wa kasisi aliyezaliwa Kanada mnamo 1879, alihamia Uingereza mwaka wa 1910 akiwa tayari bwanyenye, huku nyuma akiacha minong'ono kuhusu jinsi alivyounganisha viwanda vya saruji. Kabla ya mwaka kwisha, alikuwa mbunge.

Mnamo 1916 alitwaa gazeti la Daily Express, na Desemba akashiriki mikakati iliyomng'oa Waziri Mkuu Asquith na kumsimika Lloyd George. Alitarajia uwaziri, akapewa cheo cha Lord Beaverbrook. Wizara ya Habari aliipata 1918.

Nia yake hakuificha. Mnamo 1948 aliiambia tume iliyochunguza magazeti kuwa alimiliki lake kwa ajili ya propaganda tu. Lakini silaha hiyo ilikuwa butu mbele ya debe: mnamo 1931, alipotaka kumwangusha kiongozi wa Conservative, Stanley Baldwin, wapigakura wa Westminster St George's walimchagua Duff Cooper, mfuasi wa Baldwin.

Ajabu ni kwamba sifa yake kuu haikutokana na wino. Mei 1940 Churchill alimkabidhi wizara ya uundaji ndege, naye akaharakisha utengenezaji wa ndege za kivita, wakuu wa jeshi la anga wakinung'unikia ubabe wake. Alifariki Juni 1964.