Daktari Denis Burkitt na Uvimbe wa Taya

Huku kwetu Shinyanga na Geita mtoto akivimba shavu neno la kwanza ni jino. Bibi atasema jino, jirani atasema jino, na pengine mtu atang'oa moja, kisha la pili, kwa kuwa kweli yanalegea. Nilipokuwa nikifundisha shule ya msingi upande wa Geita, mtoto wa darasa la pili alikaa nyumbani wiki tatu kwa jino la namna hiyo. Alipofikishwa Mwanza jicho lilikuwa limekwisha kusukumwa nje. Hatukumwona tena darasani. Tangu hapo nimetafuta habari za mtu aliyeutambua ugonjwa ule, na leo nawapa.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa ndege. Aliwafunga pete miguuni na kuchora ramani ya mahali kila mmoja alipokaa. Kumbukeni ramani hiyo. Denis alipokuwa na miaka 11 alipoteza jicho moja kwa ajali. Alianza masomo ya uhandisi Dublin, lakini katika kikundi cha wanafunzi waliosali pamoja aliona ameitwa kuwa daktari, akabadili masomo. Alipoomba kazi Afrika, Ofisi ya Makoloni ilimkataa kwa sababu ya lile jicho. Vita vilipokuja jeshi likamchukua, akaiona Afrika Mashariki, na mwaka 1946 akapokelewa kazini Uganda.

Kazi ya kwanza ilikuwa Lira. Huko aliona kuwa mabusha yalijaa upande mmoja wa wilaya na upande wa pili yalikuwa machache. Wengine wangekata na kunyamaza. Yeye aliuliza kwa nini huku na si kule.

Mwaka 1957, akiwa mpasuaji hospitali ya Mulago, Daktari Hugh Trowell alimwita atazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zilikuwa zimevimba kulia na kushoto, juu na chini. Ugonjwa wa jino au wa mfupa kwa kawaida hukaa mahali pamoja; huu wa pande nne hakuuelewa. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia. Akarudi Kampala akafukua majalada ya wagonjwa, akagundua kwamba uvimbe wa taya na ule wa figo, ini na tumbo, uliohesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali, ulikuwa kansa moja. Aliandika habari hizo mwaka 1958.

Sasa afanye nini? Kisu hakikufaa. Ukikata taya, tumbo linabaki. Na uvimbe huu huweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Si kila mpasuaji anayekubali kuweka kisu chini. Burkitt alikubali, akajaribu dawa mpya za kansa, na watoto wengine walionekana kupona kabisa, uvimbe ukiyeyuka kwa siku chache. Siklofosfamaidi, mojawapo ya dawa alizotumia, inatumika hata leo.

Akageukia ramani, kama baba yake. Alituma vipeperushi vyenye picha katika hospitali nyingi za Afrika, na Oktoba 1961 yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, waliondoka Kampala kwa motokaa kuukuu. Walikwenda maili 10,000 kwa wiki kumi, kupitia Tanganyika hadi Johannesburg, wakiuliza hospitali zaidi ya 50 kama uvimbe huo upo. Walikuta kwamba karibu na ikweta haupo juu ya futi 5,000, wala mahali pa baridi au pakavu mno. Mwalimu wa jiografia atatambua mara moja: Shinyanga na Geita zimo ndani ya mstari.

Walidhani mbu hubeba kirusi. Kirusi kilipatikana kweli: mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake huko London walikiona katika vipande vilivyotumwa na Burkitt. Lakini hicho hupita kwa mate, na karibu watoto wetu wote wanacho bila kuugua. Mbu huleta malaria, na malaria inayorudi rudi huharibu kinga inayokidhibiti kirusi.

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Miaka yake ya baadaye aliwahimiza Wazungu wale nafaka isiyokobolewa, baada ya kuona vijijini Afrika watu hawana maradhi ya utumbo yaliyojaa Ulaya. Sisi tuliolelewa kwa michembe na ugali wa mtama tungemwelewa; wajukuu wetu wanataka sembe nyeupe. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na miaka 82.

Watoto wenye uvimbe huo bado wanatoka vijiji vyetu, nao hutibiwa Bugando kwa dawa, si kwa kisu. Wanaowahishwa wengi hupona. Jino likilegea kwa mtoto na shavu likaendelea kuvimba wiki ile ile, msingoje wiki ya pili.