Burroughs, babu ya Superman, alipitia kwenye zahabu

Watoto wetu wa kambi wanavaa tisheti ya Superman yenye herufi S kwenye kifua, na sisi wazazi tunazani huyu mutu wa nguvu alianzia mu sinema. Hapana. Ana babu. Babu huyo ni Mumarekani, Edgar Rice Burroughs, na kabla ya kuandika hata ukurasa mumoja, ndugu wachimbaji, alitafuta zahabu.

Alizaliwa Chicago tarehe 1 Septemba 1875, mu familia yenye feza. Lakini yeye, kila kazi ilimushinda. Alikuwa askari wa farasi kule Arizona, wakamurudisha juu moyo wake haukuwa muzima. Mwaka 1903 alifuata ndugu zake Idaho, kwenye muto Snake, kwenye walikuwa na kampuni ya draga, ile mashini ya kuvuta muchanga wa muto kusudi kuchuja zahabu. Bibi yake Emma alikuwa naye. Kampuni ikafa. Akawa polisi wa reli, akauzisha hiki na kile, mupaka mwaka 1911 akajikuta Chicago, miaka 35, watoto wawili, na mapambo ya bibi yake yamebaki kwa mukopeshaji. Wenye wamekaa miezi bila mushahara wanajua ile maisha bila kuelezwa.

Wakati ule alikuwa anasimamia biashara ya vimashini vya kuchonga kreyo. Biashara haikutembea. Kazi yake ingine ilikuwa kufungua magazeti ya hadisi za bei chini na kuangalia matangazo. Njo akasoma na hadisi zenyewe, akaona kama upumbafu wa namna ile hata yeye anaweza kuuandika. Akaanza kuandika nyuma ya karatasi za biashara zake zenye zilikufa. Alijichagulia jina lenye maana ya mutu mwenye kichwa kizima, juu aliogopa watu watamuita kichaa. Kwenye kuchapa, wakageuza herufi moja, na kicheko chote kikapotea.

Hadisi ilitoka mwaka 1912. John Carter, askari wa zamani, anatafuta zahabu Arizona, anaingia mu pango, kisha anajikuta kwenye sayari ya Mars. Kule vitu ni vyepesi, uzito wao unapita kidogo sehemu moja kwa tatu ya uzito wa huku. Basi misuli yenye ilizoea dunia yetu inamupa nguvu ya ajabu: anaruka juu sana, anaangusha majitu kwa ngumi. Tuangalie vizuri: si uchawi, si dawa. Kwao ni mutu wa kawaida. Amehama tu.

Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walikomaa na magazeti kama yale, na Siegel mwenyewe alikubali kama John Carter alimuchochea. Waligeuza safari tu: Superman anatoka sayari ingine, anakuja huku kwetu. Mu kitabu chake cha kwanza, mwaka 1938, hakuwa anajua kupaa. Alikuwa anaruka, kama mita 200 kwa murukio mumoja, sawa babu yake.

Lakini kontra haikurithiwa. Burroughs alipata dola 400 kwa hadisi ya Mars, na dola 700 kwa Tarzan mwaka uleule. Si nyingi. Ila alijifunza upesi kuuzisha haki ya gazeti tu, haki zingine anabaki nazo. Mwaka 1923 akafungua kampuni ya jina lake. Vitabu, sinema, picha za Tarzan zenye zilianza kutoka mu magazeti tarehe 7 Januari 1929, vyote vililipa kwake. Wale vijana wa Superman walitia sainyi kwa dola 130, haki yote ikaenda. Superman akatajirisha wengine. Macho ya Shuster yakaharibika. Ni mwaka 1975 tu walipewa dola 20,000 kwa mwaka kila mumoja. Sisi wa sendika tumeona sainyi za namna ile mingi sana, za watu wenye hawakupewa hata nusu saa ya kusoma.

Hatumupambe Burroughs. Hakukanyaga Afrika hata siku moja, na Weusi wa mu Tarzan wanatuletea hasira. Lakini mu kitabu kilekile aliandika wazi kama kabila lenye Tarzan alikuta porini lilikimbia Congo juu ya ukatili wa maofisa wa Leopold II. Alijua, basi.

Mwaka 1941, mabomu yalipoanguka Pearl Harbor, alikuwa Honolulu, na kwa miaka 66 akakuwa muandishi wa habari za vita. Alikufa nyumbani kwake, Encino huko California, siku ya yenga tarehe 19 Machi 1950, asubuhi. Alikuwa kitandani, anasoma kurasa za picha za gazeti.