Twitchell: Alitumwa maji, akarudi na dhahabu

Ukitaja Saudi Arabia leo, watu hufikiria mafuta. Mwaka 1931 hali ilikuwa nyingine kabisa. Hazina ya Mfalme Abdulaziz Ibn Saud ilitegemea mahujaji, na mdororo wa uchumi duniani ulikuwa umepunguza sana idadi yao. Kilio chake kikubwa kilikuwa maji.

Ndipo akaja Karl Twitchell, mhandisi wa migodi kutoka Marekani aliyezaliwa mwaka 1885. Gharama zake zililipwa na tajiri Charles Crane, ambaye tayari alikuwa amemtumia Yemen.

Twitchell alizunguka Hijazi zaidi ya kilomita 2,000 akitafuta chemchemi, na majibu yake hayakumfurahisha mfalme. Magharibi ya nchi ile imekalia mwamba mgumu wa kale, ambao wanajiolojia huuita Ngao ya Arabuni, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Mkulima yeyote aliyewahi kuchimba kisima kwenye itale anajua shida yake: maji hukaa kwenye nyufa tu, na pasipo ufa unachimba vumbi.

Lakini mwamba unaonyima maji ndio huo uliobeba mishipa ya kwatzi yenye dhahabu. Kusini-mashariki mwa Madina, mahali paitwapo Mahd adh Dhahab, Twitchell alikuta mashimo ya kale na malundo ya mabaki, ambayo wachimbaji wetu huyaita marudio. Alipoyapima, yalikuwa bado na dhahabu. Kampuni iliundwa mwaka 1934, na kati ya mwaka 1939 na 1954 mgodi ulitoa takriban wakia 766,000 za dhahabu, na fedha zaidi ya hapo.

Kuhusu mafuta, ambayo hukaa kwenye miamba laini ya mashariki, alimshauri mfalme asubiri kwanza matokeo ya kisima cha Bahrain. Ulikuwa ushauri wa mfanyabiashara hasa. Bahrain ilipopata mafuta mwaka 1932, mfalme aliingia kwenye mazungumzo akiwa na nguvu, na mkataba ukasainiwa Mei 1933, Twitchell akiwa upande wa kampuni ya Marekani.

Mwaka 1942 alirudi akiongoza ujumbe wa kilimo wa Marekani. Safari hii maji yalikuwepo, mashariki ya ule mwamba, kwenye mashimo ya asili ya Al-Kharj, ambako pampu zilimwagilia mashamba ya mfalme.

Twitchell alifariki mwaka 1968. Mgodi wake, uliofungwa mwaka 1954, ulifunguliwa tena mwaka 1988.