Karen Jeppe, Mlezi wa Yatima wa Waarmenia

Mtoto aliyetupwa na vita katika nchi ya ugeni, naye hana baba wala mama, ni nani atakayesema kwa ajili yake? Twapenda kuwasimulia habari za mwanamke aliyejibu swali hili kwa maisha yake.

Karen Jeppe alizaliwa Gylling, katika nchi ya Denmark, mwaka 1876. Baba yake alikuwa mwalimu, naye akawa mwalimu vilevile. Aliposikia habari za Waarmenia waliouawa katika Uturuki miaka ya 1894 hata 1896, moyo wake haukutulia. Mwaka 1903 akaenda mji wa Urfa, kufundisha katika nyumba ya yatima ya misioni ya Dr. Johannes Lepsius. Huko akamtwaa yatima mmoja, jina lake Misak, akamlea kuwa mwanawe.

Mwaka 1915 Waarmenia walifukuzwa makwao, wengi mno wakafa njiani na jangwani. Karen aliwaficha wengine chini ya sakafu ya nyumba yake, ingawa alijua hatari yake. Mwaka 1918 akarudi kwao, nguvu zimemwishia.

Lakini mwaka 1921 alikwenda tena, safari hii Aleppo, katika Shamu. Watoto na wanawake wengi walikuwa wangali katika nyumba na hema za wageni. Wengine walikuwa wameuzwa, na wadogo wamekwisha sahau lugha yao. Ushirika wa Mataifa ukampa kazi ya kuwatafuta, akafungua nyumba ya kuwapokea. Kila aliyefika aliandikwa daftarini: jina lake, wazazi wake, mji wake, na jinsi alivyopotea, tena alipigwa picha. Tusiidharau kazi hii ya kalamu. Mtoto asiyeandikwa hatafutwi na mtu. Bali aliyeandikwa aweza kutambuliwa na nduguye. Wasio na jamaa walifundishwa kazi, wapate kujitegemea. Msaada wa Ushirika ulipokoma mwaka 1927, watu zaidi ya 1,500 walikuwa wamepokelewa. Karen hakuondoka, aliendelea kwa msaada wa rafiki zake wa Denmark, akawatafutia watu wake mashamba ya kulima. Alifariki Aleppo mwaka 1935, akazikwa huko huko.

Kwetu yatima hupokewa na mjomba au baba mdogo. Mtoto mkimbizi ameachana na ukoo wote. Hata leo wako wafikao mipakani peke yao. Basi tukimwona mmoja, tumwulize kwanza jina lake, tuliandike, kisha tusimwache mpaka apate mtu mzima wa kumsimamia.