Vipanga wa Mzee Terman

Kila shule ina vipanga wake na vilaza wake, na sisi tuliofika chuo tumezoea kudhani mgawanyo huo uliletwa na Mungu. Uliletwa na watu. Mmoja wao ni Lewis Terman, mtoto wa mkulima wa Indiana, Marekani, aliyezaliwa tarehe 15 Januari 1877, wa 12 kati ya watoto 14. Nimesoma habari za maisha yake kwa muda sasa, na kuna jambo moja ndani yake haliniachi. Nitafika huko.

Alipokuwa bado mtoto wa shule ya msingi, mchuuzi wa vitabu alipita nyumbani kwao. Zamani zile wapo walioamini kwamba vinundu vya fuvu hueleza uwezo wa mtu, basi yule bwana akawapapasa watoto vichwa mmoja mmoja. Alipofika kwa Lewis akatabiri makubwa. Cheka utakavyo, ila mtoto alitambuliwa, na aliyemtambua alikuja kuuza vitabu tu.

Terman akafundisha, akasoma, akafundisha tena, huku kifua kikuu kikimwandama. Mwaka 1905 alimaliza shahada ya udaktari Chuo Kikuu cha Clark kwa utafiti wa wavulana 14: vipanga 7 na vilaza 7. Ndiyo, karibu kwa maneno hayo hayo. Akahamia California kufuata hali ya hewa nzuri kwa mapafu yake, na mwaka 1910 akaanza kazi Chuo Kikuu cha Stanford.

Huko Ufaransa, Alfred Binet na Théodore Simon walikuwa wameshatoa mtihani wao mwaka 1905, wa kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa ziada darasani. Binet hakutaka alama zile ziwe muhuri wa maisha. Alifariki 1911. Terman akauchukua mtihani, akaupanua, na mwaka 1916 akautoa upya kwa jina la Stanford-Binet, ukiwa na ile alama tunayoijua kama IQ. Chombo cha kumsaidia aliyebaki nyuma kikageuzwa cha kumsaka aliye mbele, tena mikononi mwa mtu aliyeamini kwamba akili hurithiwa na haibadiliki sana.

Msako wenyewe ulianza 1921. Kupima kila mtoto peke yake kulikuwa ghali, kwa hiyo Terman aliweka chekeche. Mwalimu wa darasa aliombwa ataje mwanafunzi mwenye akili kuliko wote, kisha wa pili na wa tatu, na pia aliye mdogo kwa umri. Waliotajwa walipewa mtihani wa pamoja, na waliofanya vizuri wakaketishwa mmoja mmoja kwa Stanford-Binet. Kiingilio kilikuwa alama 135 au 140 kwenda juu. Mwishowe walifika watoto 1,528, na kila mmoja akafunguliwa faili la kufuatiliwa maisha yake yote.

Hapo ndipo kilipotokea kituko ambacho kingetosha kumfumbua macho mtu yeyote. Terman aligundua kwamba ukitaka kumpata mwenye IQ kubwa darasani, heri ufungue daftari la mahudhurio umchague mdogo kuliko wote kuliko kumwamini mwalimu. Walimu walisahau umri. Waliona jitu zima la darasani linajibu vizuri, wakaliita kipanga, na katoto kalikorushwa madarasa mawili na bado kanaenda sawa na wakubwa wakakaona ka kawaida. Jamani, nani kati yetu hajasoma na katoto ka namna hiyo?

Sasa lile lisiloniacha. Msako mkuu ulifanyika kwenye miji ya California: Los Angeles, San Francisco, Oakland na jirani zake. Mashambani hawakwenda kwa bidii ile. Maana yake, mtoto wa 12 wa mkulima, kwenye shule ya kijijini, hakuwa kwenye njia ya chekeche la Profesa Terman. Aliyefika kwake alikuwa mchuuzi wa vitabu.

Na wapo ambao hata mjini hawakuonekana. Watoto weusi kwenye kundi lile walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Katika kitabu chake cha 1916 Terman aliwadharau waziwazi Waindiani, Wameksiko na watu weusi, akapendekeza watoto wao watengewe madarasa. Alijiunga pia na taasisi iliyotetea kuwafunga uzazi watu walioitwa wapungufu, na California ilifanya hivyo kwa watu wapatao 20,000. Mwandishi Walter Lippmann alimshambulia magazetini mwaka 1922 kuhusu vipimo vyake. Terman alijibu kwa kejeli zaidi kuliko hoja.

Kwa waliopita, alikuwa baba. Aliwaandikia barua za kuwaombea vyuo na kazi. Wakati wa vita vya pili, familia ya Kijapani yenye mtoto kwenye kundi lake ilipokabiliwa na kambi ya kizuizini, aliiandikia serikali kuitetea. Mwanasayansi angejiuliza kama bado anapima au anabeba.

Hata hivyo faili zake zilisema kweli. Alipolinganisha wanaume 150 waliofanikiwa zaidi na 150 waliofanikiwa kidogo, IQ zao za utotoni zilikaribiana. Waliachana kwenye malezi ya nyumbani, kujiamini na kung'ang'ania jambo. Wanawake wengi wa kundi hilo, wenye alama zile zile, waliishia kuwa mama wa nyumbani. Kwetu anayeitwa shule ya vipaji maalumu huitwa kwa alama za darasa la saba, na sijasikia mtu akifungua faili la aliyekosa kuitwa.

Huko California tunawajua wawili waliokosa. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa na watu wa Terman, wakaonekana hawatoshi. Alvarez alipata Nobel ya fizikia mwaka 1968. Shockley alikabidhiwa yake Stockholm tarehe 10 Desemba 1956, na siku 11 baadaye Terman akafariki. Kati ya wale 1,528 hakuna aliyeipata.