Urithi wa Jina Kubwa: Wasifu wa Olonana

Usuli

Maudhui ya uongozi na urithi wa mamlaka hujitokeza mara nyingi katika vitabu teule. Watahiniwa wengi huyajibu kwa mkato: mrithi ni mbaya, au ni dhaifu. Jibu la aina hiyo halipati alama kamili. Maisha ya Olonana, ambaye Waingereza walimwita Lenana, yatakusaidia kumpima mrithi kwa haki. Jina hilo si geni Nairobi: limepewa barabara mtaani Kilimani na shule ya wavulana iliyo upande wa Barabara ya Ngong.

Baba yake

Mbatian alikuwa oloiboni mkuu wa Wamaasai, yaani mwaguzi, mganga na kiongozi wa ibada. Hakuwa mfalme. Hakutoza kodi, na morani waliongozwa na viongozi wa marika yao. Nguvu zake zilitokana na imani ya watu, kwani walitafuta baraka zake kabla ya kwenda vitani. Sifa zake zilipanda zaidi pale upande wake ulipowashinda Ilaikipiak katika miaka ya 1870. Masimulizi yanasema alitabiri pia maradhi ya mifugo na kuja kwa wageni weupe.

Mgogoro wa urithi

Mbatian alifariki mnamo 1890. Kwa mujibu wa masimulizi, alikusudia kumkabidhi mwanawe mkubwa, Sendeyo, vifaa vya uoloiboni. Olonana alisikia, akawahi alfajiri, na mzee ambaye macho yake yalikuwa hafifu akampa yeye. Wanaoijua Biblia watakumbuka Yakobo na Esau. Wamaasai waligawanyika, wengine wakamfuata Sendeyo upande wa kusini, katika nchi iliyotawaliwa na Wajerumani. Ndugu hao walipigana kwa miaka mingi, hadi suluhu ilipopatikana mnamo 1902.

Majanga na Waingereza

Olonana alirithi kiti wakati mbaya. Homa ya mapafu ya ng'ombe na sotoka ziliangamiza mifugo, kisha ndui na njaa vikaangamiza watu. Baadhi ya Wamaasai walijihifadhi kwa Wakikuyu wa Dagoretti na katika ngome ya Waingereza ya Fort Smith, sehemu za Kabete. Akiwa amezingirwa na njaa upande mmoja na ndugu yake upande wa pili, Olonana alishirikiana na Waingereza. Nao wakamtambua kuwa chifu mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho Mbatian hakuwahi kuwa nacho wala kukihitaji.

Cheo hicho kilikuwa na bei. Mwaka 1904 Olonana na viongozi wengine walitia alama kwenye mkataba uliowaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na kuwagawa katika hifadhi mbili, Laikipia na kusini mwa reli. Waliahidiwa kuwa ardhi hiyo ingekuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani. Ahadi haikudumu hata miaka kumi. Olonana alifariki Machi 1911. Waingereza walidai kwamba alipokuwa akikata roho aliwausia Wamaasai wa Laikipia wahamie kusini. Mwezi uliofuata mkataba wa pili ulitiwa alama, na miongoni mwa waliofanya hivyo alikuwa Seggi, mwanawe kijana. Wamaasai wa Laikipia walipinga mahakamani, lakini mwaka 1913 kesi yao ikatupwa.

Uchambuzi

Olonana ni mwenye tamaa ukimtazama katika suala la urithi. Ni mwenye busara ukikumbuka kwamba aliwatafutia watu wake chakula na amani. Ni chombo cha wakoloni ukisoma mikataba. Sifa zote tatu zina ushahidi, na mtahini hutuza ushahidi. Kumbuka pia tofauti kati ya mamlaka na cheo: mamlaka ya Mbatian yalitoka kwa watu, ilhali cheo cha Olonana kilitoka kwa mgeni, na mgeni hakumpa bure.

Hata Mlima Kenya unawalinganisha. Mackinder alipoukwea mwaka 1899, kilele cha juu kabisa, chenye mita 5,199, kilipewa jina la Batian. Lenana ni kilele cha tatu, mita 4,985. Hata hivyo, wengi wapandao mlima huo huishia Lenana, kwani kufika Batian kunahitaji kamba na ujuzi. Usimpime mwana kwa urefu wa baba peke yake. Uliza pia alisimama wapi, na nani walimtegemea pale.

Maswali

1. Mfa maji haachi kutapatapa. Thibitisha ukweli wa methali hii kwa kumrejelea Olonana. (alama 10)
2. Mrithi huhukumiwa kwa makosa ya nyakati zake. Jadili kwa kurejelea mhusika mmoja katika kitabu teule ulichosoma. (alama 10)