Erasmus wa Rotterdam: Mwalimu Aliyeikataa Fimbo

Miongoni mwa walimu ambao majina yao hayakuzikwa pamoja na miili yao yumo Erasmus wa Rotterdam, Mholanzi aliyefariki mwaka 1536. Katika zama zake Kilatini kilikuwa lugha ya kanisa, ya vyuo vikuu na ya barua za wafalme katika Ulaya ya magharibi. Kiyunani kilijulikana na wachache sana. Aliyetaka cheo ilimpasa kujifunza Kilatini, na aliyejifunza Kilatini alikuwa amechapwa mara nyingi. Erasmus aliyatumia maisha yake kuuliza mambo mawili: lugha hizi za kale zafundishwa kwa kusudi gani, na je, fimbo yaweza kumfikisha mwanafunzi kwenye kusudi hilo?

Alizaliwa yapata mwaka 1466, mtoto wa nje ya ndoa, na baba yake alikuwa padri. Wazazi wake waliuawa na tauni angali kijana. Katika siku zake za shule, mwalimu mmoja aliyempenda kuliko wanafunzi wengine alitaka kujua kama mtoto huyu aweza kustahimili adhabu. Akamzulia kosa ambalo hakulitenda, kisha akamchapa. Mtoto akapoteza hamu yote ya masomo, akakonda kwa huzuni, hata akashikwa na homa. Mwalimu alijuta baadaye, lakini Erasmus hakulisahau jambo lile mpaka uzeeni.

Walezi wake walimsukuma katika utawa, na mwaka 1492 akapewa upadri. Miaka mitatu baadaye alikwenda Paris kusoma, akijipatia riziki kwa kuwafundisha vijana wa matajiri. Mmoja wa vijana hao, mwungwana wa Kiingereza, alimchukua Uingereza mwaka 1499. Alipokuwa akirudi mwanzoni mwa mwaka 1500, maafisa wa forodha katika bandari ya Dover walimnyang'anya karibu pauni 20, yaani takriban mali yake yote, kwa kuwa sheria ilikataza kutoa fedha nchini. Rafiki zake walikuwa wamemhakikishia kwamba sheria hiyo haikumhusu.

Erasmus hakulipa kisasi kwa kalamu. Mwaka uo huo alichapisha kitabu cha methali za Kilatini na Kiyunani zipatazo 800, kila moja ikiwa na maelezo yake. Toleo la Venice la mwaka 1508 lilikuwa na methali zaidi ya 3,000, na kabla hajafa zilizidi 4,000. Sisi tuliolelewa kwa methali twaelewa upesi kwa nini aliichagua njia hii: methali moja fupi humpa mwanafunzi msamiati, sarufi, historia na mafunzo ya maisha kwa pamoja.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiyunani alikishika kwa bidii akiwa amepita umri wa miaka thelathini, bila mwalimu wa kutosha, akitanguliza kununua vitabu kabla ya nguo. Kuanzia mwaka 1511 alikifundisha chuoni Cambridge.

Katika miaka hiyo rafiki yake John Colet alianzisha shule mjini London kwa ajili ya wavulana 153, na Erasmus akaiandikia vitabu. Alishauri kanuni za sarufi ziwe chache na wazi, kisha mwanafunzi aingizwe mapema katika mazungumzo na katika kusoma waandishi bora. Kilatini na Kiyunani vifundishwe sambamba. Mwanafunzi azoee kulieleza wazo moja kwa namna nyingi. Yeye mwenyewe alichukua sentensi moja fupi ya kushukuru kwa barua, akaigeuza kwa namna zaidi ya mia moja.

Katika kitabu chake cha mwaka 1529 juu ya malezi ya watoto alisimulia habari za baba mmoja Mwingereza ambaye mwanawe alipenda upinde. Baba huyo alimtengenezea shabaha zenye herufi za Kiyunani na Kilatini. Kila mtoto alipoipiga herufi na kuitaja sawasawa, alishangiliwa na kutuzwa tunda. Akazijua herufi zote kwa siku chache.

Lakini upole huo haukuwa kusudi lenyewe. Mwaka 1516 Erasmus aliandika kitabu cha kumwongoza Charles, kijana wa miaka 16 ambaye baadaye alikuwa Kaisari. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wasioweza kumchagua mtawala wao, kwa kuwa cheo ni cha urithi, wamebakiwa na tumaini la kumchagulia mwalimu mwema. Humo alionya kwamba habari za Akile, Aleksanda na Kaisari Julio zaweza kumwasha kijana tamaa ya kuteka na kuonea, iwapo mwalimu hamfundishi kupima matendo yao. Kitabu kile kile cha kale chaweza kumlea mdhalimu au mwenye haki. Alifundisha lugha ili kuzaa hukumu njema ndani ya watu watakaoshika nguvu juu ya wengine. Na aliyefundishwa kwa hofu hajifunzi kupima neno, hujifunza kumwogopa mkubwa na kumtisha mdogo.

Kuhusu vita alikuwa wazi pia. Mwaka 1515 aliipanua methali moja ya kale ikawa insha ndefu, akionyesha kwamba wanaovitamani vita ni wale wasiovionja. Askari hahitaji kuelezwa maana yake.

Mwaka 1528 aliwakejeli wasomi walioona haya kutumia neno lolote lisilopatikana katika Cicero. Kwake, kuiga bila kufikiri hakukuwa elimu.

Katika ugomvi wa dini uliozushwa na Luther, Erasmus alilaumiwa na pande zote mbili. Alifariki Basel, Uswisi, mwezi Julai 1536, akazikwa katika kanisa kuu la mji huo. Mwaka 1559 Roma iliviharamisha vitabu vyake, lakini mafundisho yake yalikuwa yamekwisha ingia shuleni. Mpango wa Ulaya wa kubadilishana wanafunzi, ulioanzishwa mwaka 1987, umepewa jina la yatima huyo ambaye fimbo isiyo ya haki ilikaribia kumtoa darasani.